Miezi 14 na tangi la lita 60: kioo kizuri, karatasi ya maelekezo itupe

Boksi lilikuwa na picha ya samaki wa dhahabu wawili, wanono, na juu yao maneno makubwa: TAYARI KWA SAMAKI SIKU HIYO HIYO. Naanzia hapo kwa sababu karibu kila kilichoniharibikia kilianzia kwenye maneno hayo.

Nilichonunua ni seti ya tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Linakuja na mfuniko wenye taa, chujio la kutundika nyuma, hita ya wati 50, kichupa cha dawa ya kuondoa klorini, kopo la chakula na karatasi ya maelekezo ya kurasa nne. Jina la kampuni silitaji; seti za namna hii ni nyingi na zinafanana kama mapacha. Nimesubiri miezi 14 kabla ya kuandika, maana maoni mengi niliyoyasoma kabla ya kununua yaliandikwa siku ya pili, watu wakisifia rangi ya taa.

Kioo chenyewe sina ugomvi nacho. Silikoni imepakwa vizuri kwenye pembe na mpaka leo hakijavuja hata tone. Ila hizo lita 60 ni hesabu ya tangi tupu lililojazwa mpaka mdomoni. Ukishaweka mchanga na mawe, ukaacha nafasi kidogo juu, maji yanayoingia ni ndoo tano za lita kumi na kidogo cha kuongezea. Hizo ni zaidi ya kilo 50 za maji peke yake. Mimi nilitaka kuliweka juu ya meza ya televisheni yenye vijiguu vyembamba. Kaka yangu akaikalia kwanza kuijaribu, ikalia kriii, tukaghairi.

Sasa samaki. Aliyeniuzia tangi ndiye aliyeniuzia na samaki, siku ile ile, kama boksi lilivyoahidi. "Dada, chukua hawa wawili wa dhahabu, hawa sita wa neoni wakupendezeshee, na huyu wa kusafisha kioo. Hutahangaika." Huyo wa kusafisha kioo alikuwa pleko, wakati ule hazidi urefu wa kidole changu cha mwisho. Nikamuuliza muuzaji kama hatakuja kuwa mkubwa. Akasema samaki hukua kwa kufuata ukubwa wa tangi. Uongo huo ni mkongwe na bado unatembea. Samaki aliyebanwa kwenye maji kidogo yaliyochafuka hudumaa kweli, lakini ni kudumaa kwa ugonjwa. Pleko wa kawaida hupita sentimita 30 akiachiwa nafasi. Wangu nilimpima kwa rula kupitia kioo mwezi wa nane: karibu 15, na kila akigeuka alikuwa anang'oa mmea. Na wala hasafishi. Anakula mwani kidogo, halafu anatoa kinyesi kirefu kama uzi wa kushonea, siku nzima.

Siku ya nne asubuhi mwanangu alikuja chumbani kuniamsha. "Mama, samaki wanakunywa hewa." Nilimkuta sahihi. Wale wa neoni wote walikuwa juu kabisa, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yakifunguka na kufunga haraka kuliko nilivyoweza kuhesabu. Ule mstari wao wa buluu ulikuwa umefifia mpaka kijivu. Mmoja alikuwa ameshalala ubavu nyuma ya chujio. Maji yalikuwa meupe, safi, unaweza kusoma gazeti upande wa pili. Hilo ndilo lililonichanganya: nilidhani maji machafu lazima uyaone.

Nikanunua vipimo vya matone, vile vya kuchukua maji kwenye kichupa, unadondoshea dawa, unatikisa, unasubiri dakika tano, unalinganisha rangi na kadi. Kinachopimwa ni amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe. Ikiwa sifuri, maji hubaki ya njano. Yangu yaligeuka kijani cha jani la mhogo. Kwenye kadi ilisoma miligramu 4 kwa lita, na samaki anahitaji sifuri.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki, na ndicho kingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa ile karatasi. Samaki hutoa amonia, kwa matamvua hasa, na chakula kilichobaki kikioza nacho huongeza. Amonia humchoma samaki matamvua. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni. Halafu bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Majina yanakaribiana, yasikuchanganye. Bakteria hao hawaji ndani ya boksi. Huota wenyewe kwenye sponji ya chujio, mchangani na kwenye mawe, na huchukua wiki nne mpaka sita kutosheleza kazi. Mimi niliweka samaki tisa siku ya kwanza, mle ndani hakuna mfanyakazi hata mmoja.

Watano kati ya sita wa neoni walikufa ndani ya siku tisa. Wa dhahabu na pleko walihimili, nami nikawa mtumwa wa ndoo: kila jioni natoa nusu ya maji, naweka mapya yenye dawa ya klorini. Wiki ya tatu amonia ikaanza kushuka, naitraiti ikapanda, kipimo chake kikawa zambarau ya kutisha. Wiki ya sita vyote viwili vikasoma sifuri. Nilisimama jikoni na kile kichupa cha njano mkononi nikacheka peke yangu.

Ukitaka kuepuka hayo, liwashe tangi bila samaki. Weka chakula kidogo kila siku kioze, au amonia ya maji isiyo na sabuni wala manukato, upime mpaka amonia na naitraiti ziwe zinaisha zenyewe ndani ya siku moja. Mwenye rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima na aombe kipande cha sponji ya chujio lake. Kinakata wiki kadhaa.

Chujio la seti hii ni zuri na baya kwa wakati mmoja. Pampu ni imara, sauti ni ndogo, maji yanazunguka vizuri. Ubaya uko kwenye kile kifuko cha makaa ambacho maelekezo yanasema ukitupe kila baada ya wiki nne na ununue kipya. Fikiria: wiki nne ndizo bakteria walizotumia kujijenga, halafu unawazoa wote unawatupa kwenye pipa la taka. Anayefaidika hapo ni muuza vifuko. Nilikata sponji nzito ya chujio nikaibana mle mle kilipokuwa kifuko, na tangu hapo sijanunua kingine. Ikiziba naikamua kwenye ndoo ya maji niliyotoa tangini. Usiisuuze bombani, klorini iliyowekwa kuua vijidudu vya maji ya kunywa haichagui kijidudu kizuri.

Hita ndiyo iliyoniudhi zaidi. Haina kitufe cha kurekebisha. Imepangwa kiwandani kwa nyuzi 25, basi. Kipimajoto nilichonunua pembeni kilionyesha 22 na nusu, siku baada ya siku. Kwa samaki wa dhahabu, ambao hupenda maji ya baridi kiasi, hata hiyo ilikuwa haihitajiki. Wa neoni wao hupenda joto zaidi ya hao wa dhahabu. Yaani tangi moja, joto moja, na wapangaji wasioweza kukubaliana, wote wameuzwa na mkono mmoja. Wa dhahabu hukua kupita sentimita 20 na huishi zaidi ya miaka kumi. Ile picha kwenye boksi ni sawa na kumchora ng'ombe kwenye bafu. Wawili wangu wako kwenye bwawa la jirani sasa, naye pleko yuko kwa mtu mwenye tangi la lita 400. Yule wa neoni aliyebaki nilimpa mtu mwenye kundi, maana ni samaki wa kuishi sita na kuendelea. Akiwa peke yake alishinda amejificha nyuma ya hita.

Tangi likabaki tupu na bakteria wake wenye njaa, nami safari hii nikaanza na maji kabla ya samaki. Maji yangu ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH, kile kipimo cha asidi, ni 7.8. Hayo siyo maji waliyozaliwa nayo samaki wengi wa Amazon, ambako ni laini na yenye asidi. Ni karibu zaidi na wanayoyapenda samaki wa ziwa Malawi na Tanganyika, lakini wengi wa hao wa Malawi ni wagomvi na tangi langu ni dogo. Gapi, vile visamaki vidogo vyenye mikia ya rangi, wanastarehe kwenye maji magumu. Nikaamua gapi watano, wote madume. Usichukue jike ukijidanganya kwamba yuko peke yake: huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, anazaa kila baada ya wiki nne hivi, na utatafuta watu wa kuwagawia watoto mpaka marafiki waanze kukukwepa. Chini nikaweka koridorasi sita wa shaba, baada ya kuondoa changarawe iliyokuja na seti, ambayo kingo zake ni kali. Koridorasi hupekua chini kwa sharubu. Changarawe ya namna ile inaweza kuzikwangua. Mchanga laini, uliooshwa mpaka maji yatoke meupe.

Niliwanunua kwa muuzaji mwingine na hapo huduma ilikuwa ya aina yake. Aliniuliza tangi lina ukubwa gani, lina muda gani, akataka kuona vipimo. Nikamwomba awalishe mbele yangu, akawalisha. Samaki mzima hukimbilia chakula. Nikatazama mapezi kama yamefunguka au yamebanwa mwilini, tumbo kama limeingia ndani, ngozi kama ina vitone, na kama kuna maiti ndani ya lile tangi, maana maji ni mamoja hata kama unayemtaka anaonekana yuko sawa. Tangi moja akanikataza mwenyewe: "Hao wamefika jana, rudi wiki ijayo." Nyumbani nikauacha mfuko uelee juu ya maji dakika 15, nikaongeza maji ya tangi kikombe kwa kikombe, kisha nikawavua kwa wavu. Maji ya dukani nikamwaga sinkini.

Kosa nililofanya baada ya hapo ni la tamaa. Mwezi wa tisa nikaona gapi mwenye mkia wa rangi ya machungwa, nikamtia moja kwa moja bila kumtenga. Baada ya siku tano alikuwa na vitone vyeupe kama chembe za chumvi, kisha wenzake. Ugonjwa wa vitone vyeupe unatokana na kimelea ambacho dawa hukipata kinapoogelea huru tu. Kikiwa ndani ya ngozi ya samaki au kimejifungia chini mchangani, hukifikii. Joto hukiharakisha kimalize mzunguko. Kupandisha mpaka nyuzi 30 polepole ndiyo njia niliyoichagua, na hapo ile hita isiyo na kitufe ikanikwamisha kabisa. Nikanunua ya kurekebishika usiku huo huo, nikaongeza pampu ya hewa kwa sababu maji ya moto hushika oksijeni kidogo, nikaendelea siku kumi baada ya kitone cha mwisho kutoweka. Sikupoteza hata mmoja. Sasa mgeni yeyote anakaa wiki tatu kwenye ndoo yenye sponji iliyokwisha komaa.

Taa inatosha mimea rahisi. Nilikuwa naiacha ikiwaka saa 12 kwa siku, kioo kikaota zulia la mwani. Sasa ni saa saba kwa swichi ya muda. Chakula kilichokuja kwenye kopo kina vumbi jingi, nilikimaliza kwa shida. Nalisha mara moja kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na Jumapili hawali kitu. Kila Jumamosi natoa robo ya maji kwa mpira, nikiwa nimechomoa hita ukutani kwanza.

Mwezi uliopita, siku moja baada ya kuweka maji yaliyokuwa ya baridi kidogo, nilimwona koridorasi jike amebana mapezi ya tumboni pamoja kama mtu aliyekinga viganja. Ndani kulikuwa na mayai manne. Akapanda taratibu mpaka juu, akagusa kioo kwa mdomo mahali alipoona pamefaa, akayabandika, akashuka kuchukua mengine. Nilichelewa kazini. Mengi ya yale mayai yaliliwa na gapi, lakini vifaranga watatu wapo kwenye chombo cha plastiki pembeni, kila mmoja kama nukta yenye mkia.

Nyota: kioo tano, chujio nne ukiondoa vifuko, taa tatu, hita moja, karatasi sifuri. Nikinunua tena nitachukua tangi la saizi hii tupu na kila kingine kivyake. Na mfuniko, karibu nimesahau, huwa unatetemeka usiku pampu ikiwa imewaka. Nimebana kipande cha sponji kwenye bawaba na sasa umetulia.