Roboti ya Kufagia Iliyonyimwa Waranti kwa Sababu ya Vumbi

Karatasi ninayo hapa mezani. Ina muhuri wa bluu na saini isiyosomeka, na kwenye sehemu ya sababu za kukataa waranti mtu ameandika kwa kalamu neno moja tu: vumbi. Roboti ya kufagia, mashine ambayo kazi yake hapa duniani ni kuokota vumbi, imenyimwa matengenezo ya waranti kwa sababu ndani yake mmekutwa vumbi. Nimefanya kazi ya uhasibu kwa miaka mingi na nimesoma fomu za kila aina, za wadaiwa waliokana saini zao na za stoo ambazo mizigo yake haikuwahi kuingia, lakini fomu ya namna hii sikuwahi kukutana nayo.

Sitazungumzia nguvu ya kufyonza wala muda wa betri, maana hayo yameandikwa kwenye boksi na kila muuzaji anayakariri. Nitakachoeleza ni jinsi mashine hii inavyojua mahali ilipo, kwa sababu hapo ndipo ilipoanza kunisumbua na hapo ndipo wenye duka waliponiharibia siku. Mgongoni ina kijinara cha duara ambamo leza huzunguka takriban mara tano kwa sekunde, ikipima umbali wa kuta na miguu ya viti ili mashine ichore ramani ya nyumba. Tumboni ina sensa nyingine zinazotuma mwanga usioonekana kwa macho kuelekea sakafuni. Mwanga huo usiporudi, mashine huamini kuwa imefika ukingoni mwa ngazi, nayo hurudi nyuma. Mbele ina bampa yenye swichi zinazobonyea ikigonga kitu. Magurudumu nayo huhesabiwa mizunguko yake, na hesabu hiyo ikikorogeka, kwa mfano yanapoteleza kwenye sakafu iliyodekiwa muda si mrefu, mashine hudhani imesogea kumbe iko palepale.

Miezi ya mwanzo niliisifu kwa kila aliyenitembelea. Ilikuwa inaingia chini ya kitanda cha mama yangu, mahali ambapo ufagio haufiki mpaka mtu apige magoti, na ikatoka na vifungo, sarafu na punje za tasbihi tulizokwisha kuzikatia tamaa. Kisha, mvua za masika zilipokuwa zinaelekea kuisha, ikaanza vituko. Inatoka kwenye stendi yake ya kuchajia, inajizungusha, inarudi nyuma hatua chache, inasimama katikati ya sebule na kutangaza, kwa Kiingereza na kwa sauti ya kike yenye utulivu wa kuudhi, kwamba sensa ya leza imezuiwa. Imezuiwa na nini, haisemi. Mbele yake hakuna kitu, juu yake hakuna kitu, na kiti kilicho karibu kabisa kipo mbali kiasi kwamba mtoto angeweza kulala katikati.

Kabla ya kuipeleka popote nilifanya kila ambalo kijitabu chake kinaagiza na mengine ambayo hakiyataji. Nilikifuta kijinara kwa kitambaa kikavu, nikapitisha vijiti vya pamba kwenye sensa za tumboni, nikabonyeza bampa kushoto, katikati na kulia nikisikiliza kama kila upande unalia na kurudi mahali pake. Kuna njia moja ya uchunguzi ambayo ningependa watu wengi zaidi waijue. Mwanga wa zile sensa za chini hatuuoni kwa macho, lakini kamera nyingi za simu, hasa ile ya mbele, huuona. Iwashe mashine ianze kazi, iinue kabla haijajizima, itazame tumbo kupitia kamera, na utaona vitone hafifu vya zambarau, kimoja kwa kila sensa. Kitone kimoja kikikosekana, umempata mgonjwa. Vya kwangu vilikuwa vinawaka vyote.

Niliondoa pia visingizio vya nyumba, kwa sababu nilijua kwamba nikifika dukani nitaambiwa nyumba ndiyo yenye kosa. Zulia jeusi ambalo ami yangu alinitumia kutoka Muscat lilikuwa limekwisha kunifundisha kwamba rangi nyeusi humeza mwanga wa sensa za chini. Mashine ikifika kwenye pindo lake huona shimo na kugeuka, na dawa yake ni ama kuliviringisha zulia siku ya kufagia au kulizungushia mpaka kwenye ramani ya simu ili mashine isilisogelee. Wako wanaobandika tepu nyeupe juu ya sensa hizo ili mashine isiogope tena weusi. Njia hiyo inafanya kazi, ila mashine iliyozibwa hivyo itajirusha ngazini bila kusita, na mimi sikuithubutu ingawa ndani kwangu hakuna ngazi.

Kabati la chumbani lenye milango ya vioo nalo lilikuwa na mambo yake. Kioo huirudisha leza kwa pembe, kwa hiyo mashine hupima umbali wa kitu kilicho upande wa pili na kuamini kwamba kipo ndani ya kioo. Ramani ikaniongezea chumba kizima nyuma ya ukuta, chumba ambacho, kama kingekuwepo kweli, kingeelea hewani juu ya kibanda cha mlinzi. Nilibandika ukanda wa karatasi kwenye vioo, sawasawa na urefu wa kijinara, nikafuta ramani yote na kuiacha ichore upya, na chumba cha hewani kikatoweka. Jua la jioni, ambalo huku Upanga hupenya mlango wa baraza na kulala sakafuni kote, nililizuia kwa mapazia. Intaneti haihusiki, msipoteze muda huko. Simu ikikosa mawasiliano na mashine, mashine haisahau njia kwa sababu hiyo.

Jambo la kuzingatia ni hili: matatizo yote hayo yana mahali pake. Zulia husumbua zuliani, kioo husumbua kiooni, jua husumbua saa zake. Tatizo langu jipya lilitokea kila mahali, mchana na usiku, hata kwenye ujia mtupu wenye kuta nyeupe. Kwa hiyo nilipoibeba mashine kwenda kituo cha huduma cha duka lililoniuzia, nilikuwa nimeandika haya yote kwenye karatasi moja, kwa mpangilio, nikidhani ninamrahisishia fundi kazi.

Kiyoyozi chao ni kizuri sana. Hilo nalitamka kwa haki. Kijana aliyenipokea alikuwa amevaa fulana yenye nembo ya duka, na karatasi yangu aliiweka chini ya kikombe chake bila kuigeuza upande wenye maandishi. Akaipindua mashine, akaitazama tumbo, akapuliza mara moja kwa mdomo, akairudisha juu ya kaunta.

"Mama yangu," akasema, "nyumba za huku zina vumbi sana. Hizi mashine zinataka nyumba za kisasa."

Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, nyumba isiyo na vumbi itainunua ya nini?"

Hakujibu. Alimgeukia mwenzake aliyekuwa kwenye kompyuta, wakatazamana, wakatabasamu. Tabasamu lile ndilo linalonifanya niandike. Kuharibikiwa na mashine ni jambo la kawaida, na fundi kushindwa si dhambi, lakini mtu akishakupa "mama yangu" ya heshima mdomoni huku macho yake yanakuhesabu kuwa mshamba aliyenunua kitu kisichomfaa, heshima ile inageuka kuwa tusi lenye adabu. Nikatozwa ada ya uchunguzi, nikapewa risiti, nikaambiwa nitapigiwa.

Nilipigiwa baada ya siku nyingi na kufuatilia kwingi. Leza imekufa, wakaniambia. Itabidi iagizwe nzima kutoka nje kwa bei iliyokaribia nusu ya mashine mpya, nayo waranti haihusiki kwa kuwa vumbi limeingia ndani. Nikauliza kama waliifungua. "Tumeiona, mama." Nikaenda kuichukua. Kile kistika cha waranti kinachoziba tundu la skrubu, ambacho kona yake moja ilikunjika tangu siku niliyoitoa kwenye boksi, kilikuwa vilevile, na kona ileile imekunjika vilevile, hakuna bisibisi iliyopita hapo. Wameonaje vumbi la ndani ya mashine ambayo hawakuifungua? Swali hilo nililiuliza pale kaunta kwa sauti ambayo mama yangu asingeifurahia, na jibu lake ni hiyo karatasi yenye muhuri wa bluu.

Aliyeitengeneza ni mzee mmoja wa Kariakoo ambaye kazi yake hasa ni mashine za fotokopi. Alinisikiliza hadi mwisho, na hilo peke yake lilitosha kunipoza. Hakuuliza nyumba yangu ni ya namna gani. Alikiwekea kidole gumba kifuniko cha kijinara, akakibonyeza taratibu upande mmoja, kikashuka na kupanda. Akahamia upande wa pili, kikashuka na kubaki chini. Akanishika mkono na kuniwekea kidole changu palepale ili nijihisie mwenyewe.

"Umeona, mama? Huyu anadhani amebanwa."

Kifuniko kile, kumbe, nacho ni swichi. Kimewekwa ili mashine ikijipenyeza chini ya kochi lililo fupi mno ijue kwamba kichwa chake kimegusa na itoke kabla haijakwama. Kikibaki kimebonyea, mashine huamini kwamba muda wote kuna kitu kimeilalia, hata ikiwa katikati ya uwanja. Mzee akalegeza kifuniko bila kukigusa kile kistika, akapitisha sindano kwenye ukingo wake, akatoa unywele mrefu uliojisokota na, juu ya karatasi nyeupe aliyoitandaza, punje chache za mchanga mweupe wa ufukweni. Wajukuu wangu hutoka Coco wakiwa na mchanga mpaka masikioni, kwa hiyo mwenye punje zile anajulikana. Akakagua mkanda wa mpira unaouzungusha mnara, akaona haujalegea, akafuta leza kwa pamba yenye spiriti kidogo, akaiwasha. Ikazunguka mezani kwake bila kulalamika. Akaomba pesa ya soda. Nilimpa zaidi, na bado naona nimempunja.

Leza waliyosema imekufa ndiyo hiyohiyo inayofanya kazi nyumbani kwangu hadi leo.

Basi nitoe nyota ngapi? Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa moja na kuwaambia watu wasinunue kabisa roboti za namna hii, kwamba ni anasa ya wenye nyumba tupu zisizo na mazulia, vioo wala watoto. Sasa nikifikiria kwa haki, mashine haikunikosea. Imefanya kile ilichoundwa kufanya: ilihisi imebanwa, ikasimama, ikasema. Ilisema vibaya, kwa maneno yasiyomsaidia mtu yeyote, na waliobuni ujumbe ule wangeweza kuongeza sentensi moja tu ya kumtaka mwenye mashine abonyeze kifuniko pande zote. Lakini asubuhi ya leo imepita chini ya kitanda cha mama, imezunguka miguu ya meza ya chakula mguu kwa mguu, imerudi kwenye stendi yenyewe. Mashine naipa nyota nne. Ningeipa na ya tano kama isingekuwa inaendelea kuuma nyuzi za pembeni za mkeka.

Duka ni jambo jingine. Dada yangu ananishauri niwasamehe, kwamba vijana wale hawakufundishwa na wanalipwa kidogo, na nusu saa iliyopita nilikuwa nimekubaliana naye. Lakini kutofundishwa hakumfanyi mtu akaandika sababu ya uongo na kuigonga muhuri. Karatasi ile imeandikwa kwa makusudi, ili mteja alipe bei ya leza mpya, na wateja wangapi wamelipa sijui nao leza zao zilikuwa nzima. Tanzania Bara ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, nayo haikutungwa kwa ajili ya makampuni makubwa yanayogombana peke yake. Inamlinda pia mlaji dhidi ya mfanyabiashara anayempotosha, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Kwa mwenye kutaka kununua, namwomba jambo moja kabla hajatoa pesa: aiombe fomu ya waranti, aisome palepale dukani, na akikuta vumbi limetajwa miongoni mwa visivyohusika, aiache mashine juu ya kaunta.

Nyota moja kwa duka, basi. Hapana, hata hiyo moja ni ya kiyoyozi. Ada ya uchunguzi ambao haukufanyika naidai bado, na barua ya madai nimeipeleka mwenyewe kwa mkono, nikiambatisha nakala ya fomu yao na picha ya kistika ambacho hakikuguswa. Binti wa mapokezi aliigonga muhuri uleule wa bluu bila kuisoma, akaniambia, "Tutakupigia, mama." Nimewapa hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo nakala ya pili inakwenda Tume.