Gari la kulala na watoto wadogo: lipi linafaa kwa njia za Tanga?

Mtu wa Tanga mjini hana haja ya kwenda mbali kuwaonyesha watoto pori. Mapango ya Amboni yapo hapo tu, njia ya Horohoro. Msitu wa Amani uko juu ya Muheza, na ndani yake bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ukishuka kusini kupita Pangani unaingia Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako wanyama wanafika mpaka ufukweni. Kazi inakuja usiku: mtoto wa miaka mitatu anaamka saa nane anataka kukojoa, nje giza, na hujui kuna nini kwenye majani. Kwa hiyo magari haya nimeyapanga kwa usiku kwanza, barabara baadaye, bei mwisho.

1. Toyota Hiace Super GL, ikiwezekana ya 4WD (inayovuta kwa magurudumu yote manne)

Hili ndilo chaguo langu kwa familia yenye watoto walio chini ya miaka saba. Unalaza kiti cha nyuma, unaweka kitanda cha mbao na godoro la sponji juu ya maboksi ya magurudumu, chini yake unasukuma ndoo, maji na mabegi. Wote mnalala sakafu moja. Poti ya mtoto inakaa karibu na mlango, hakuna anayetoka nje mpaka kuche.

Fundi wake yupo kila mji, na spea hazisumbui. Injini ya dizeli, hasa ile ya lita 3, inavuta vizuri mlimani, ila noseli zake hazipendi mafuta machafu. Zipimwe kabla hujalipa. Tena ujue kwamba 4WD ya Hiace haina gia ya chini ya kujikwamulia. Kwa utelezi wa kawaida inatosha. Kwa tope la Amani mwezi wa nne haitoshi, hivyo masika mkae nyumbani au mwende Amboni.

Ukaguzi wa Hiace una mambo yake. Nyingi za 4WD zilitumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi. Ingia uvunguni na tochi uangalie fremu, mabomba ya breki na sehemu ya chini ya mlango wa kusukuma. Chumvi ya bahari yetu itamalizia kilichoanzwa huko. Kama unanunua gari lililokwisha tumika hapa nchini, funua zulia. Ukikuta matundu ya boliti yamejipanga sakafuni, hiyo ilikuwa daladala, hata dalali aape vipi.

Kiyoyozi cha nyuma kiwe kizima. Saadani kuna mbung'o, wanafukuza gari linalotembea na wanauma kupitia nguo, kwa hiyo vioo vinafungwa, na watoto ndani ya gari lililofungwa bila ubaridi hawavumilii hata nusu saa. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Fundi cherehani akikuuliza mapazia ya rangi gani, mwambie kaki au maziwa.

Kasoro yake kubwa ni mikanda. Super GL nyingi zimesajiliwa Japani kama magari ya mizigo, na mikanda ya kiti cha nyuma cha zile za zamani haikutiliwa maanani sana. Nenda na kiti cha mtoto wako, kifunge pale pale yadi. Kikicheza, usinunue.

2. Toyota Noah

Kwa mfuko mwembamba, Noah haina mpinzani. Viti vya kati na vya nyuma vinalazwa vikawa kitanda chenye mabonde, unayajaza kwa blanketi. Wazazi wawili na mtoto mmoja mnaenea. Watoto wawili mtabanana. Iko chini, kwa hiyo ni gari la lami na changarawe nzuri: Lushoto inafika bila shida, maana kutoka Mombo ni lami mpaka juu. Beba mifuko ya plastiki, zile kona zinawatapisha watoto.

3. Land Cruiser "mkonga" yenye hema juu ya paa

Kwa barabara ingekuwa ya kwanza. Hakuna tope la Usambara litakaloizuia. Lakini hema linapandwa kwa ngazi, na mtoto mwenye usingizi kwenye ngazi usiku ni hatari ambayo mimi siikubali. Subiri wafike miaka minane hivi. Kwa Saadani na Mkomazi, kumbuka ada ya gari hifadhini hupanda kwa uzito. Walau watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio.

4. Coaster iliyogeuzwa nyumba

Nafasi tele, choo ndani, jiko ndani. Pia mafuta mengi, na matawi ya njia ya msituni yatakwangua paa. Inafaa ndugu wawili mnaochangia gari moja.

5. Gari-nyumba kutoka Ulaya au Marekani

Picha zake zinavutia, basi. Ya Marekani ina umeme wa volti 120 na sisi tunatumia 230. Tangi la maji machafu utalimwaga wapi Pangani? Spea utasubiri meli.

Lolote utakalochagua, piga kwanza hesabu kwenye kikokotoo cha ushuru cha TRA, kwani gari lenye umri mkubwa hutozwa zaidi na bei ya mtandaoni inaweza kukudanganya. Weka wavu wa mbu kwenye madirisha mawili yanayotazamana. Jiko la gesi au la mkaa lisiwashwe ndani mmelala, hata kwa dakika tano za uji, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na inaua.

Siku ya kununua nenda na familia nzima. Lazeni viti, mlale wote kwa robo saa huku milango imefungwa. Kama baba anakunja magoti, endeleeni kutafuta.