Kliniki ya kifua kikuu na ukoma: mpelekeni mzee wenu

Wenzangu wa Likoni na Kisauni, kama nyumbani kuna mtu mwenye baka lisilowasha wala kuuma, na dawa za fangasi hazijasaidia, mpelekeni kliniki ya kifua kikuu na ukoma ya hospitali ya serikali. Ami yangu ni mvuvi, na zahanati moja ya mtaani ilimpa tube baada ya tube mpaka vidole vikaanza kufa ganzi.

Huku kliniki daktari alimwambia, "Mzee wangu, fumba macho. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole." Akasokota ncha ya pamba, akamgusa bega. Ami akaonyesha. Akagusa katikati ya baka: ami katulia tuli, bado angoja kuguswa. Kisha daktari akapapasa mshipa wa fahamu nyuma ya kiwiko, akanipa na mimi nishike. Ulikuwa umenenepa kama kamba ya mshipi. Mwisho akakwangua ngozi kidogo kwenye sikio, ipelekwe maabara.

Nikauliza kwa nini sikio. Sikutarajia kujibiwa, na watu foleni imejaa, lakini alinieleza vizuri. Bakteria wa ukoma, aliyeonekana na daktari Hansen kule Norway mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi: masikio, pua, vidole. Hujificha ndani ya seli zinazozunguka mishipa ya fahamu, ndipo ganzi inapoanzia. Hadi leo hajawahi kuoteshwa kwenye chupa ya maabara. Watafiti humkuza kwenye nyayo za panya na kwa armadilo, mnyama wa Marekani ambaye mwili wake hauna joto kama wetu. Jeni zake zilisomwa zote mwaka 2001, ikaonekana nyingi zimeshakufa, zinazofanya kazi ni kama 1,600 tu. Na ni mzito mno: kugawanyika mara moja humchukua karibu wiki mbili, kwa hiyo dalili huweza kuchelewa miaka 5, hata 20.

Ami aliuliza moja tu: "Sinia moja na wajukuu nitakula?"

"Kula, mzee. Ukishaanza dawa huambukizi mtu, na watu wengi miili yao humshinda mdudu huyu."

Dawa ni bure, aina tatu, miezi 12 kwa mwenye hali kama yake. Walimwonya mapema kwamba mkojo utakuwa mwekundu na ngozi itaiva weusi, asije akaziacha kwa hofu.

Ninalolaumu ni ubao wa mlangoni. Umeandikwa kifua peke yake, na mgonjwa wa ngozi hawezi kujua kwamba magonjwa haya mawili yanatibiwa pamoja, bakteria wake wakiwa jamii moja. Ukoma uandikwe hapo, tena kwa herufi kubwa. Benchi nazo ni chache, wazee wanasimama.

Fikeni asubuhi, na mnaoishi nyumba moja na mgonjwa mwende wote, nanyi mkaguliwe.