Uzoefu wangu na tepe za kutafutia ski kwenye theluji laini: mita 2 hazitoshi kila mahali

Tepe hizi hufungwa kwenye ski, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, ili ski ikizama utepe ubaki juu na kukuonyesha ilipo. Nazitumia kwenye miteremko ya Niseko, kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Hukumu yangu ni nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibana kwa sababu ya urefu na klipu ya plastiki.

Kwanza tatizo lenyewe, maana wanaoteleza kwenye njia zilizoshindiliwa huwa hawalielewi. Bindingi ya kawaida, yaani kifungo kinachoshika buti kwenye ski, ina breki: mikono miwili midogo inayofyatuka kuelekea chini buti likichomoka. Penye theluji ngumu mikono hiyo inang'ang'ania na ski inasimama karibu nawe. Niseko ni habari nyingine. Upepo baridi kutoka Siberia huchota unyevu juu ya Bahari ya Japani na kuumwaga milimani ukiwa theluji nyepesi kabisa. Mita moja ya ujazo ya theluji mpya ya namna hiyo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu, ilhali maji ya ujazo huohuo yana kilo 1,000. Hapo breki haina cha kushika. Ski hupiga mbizi, ikaenda mita kadhaa chini kwa chini, na juu isionekane hata alama.

Pakiti ina tepe mbili bapa za nailoni, rangi ya chungwa inayowaka, upana sentimita 2, urefu mita 2. Kila utepe una kitanzi cha uzi mwembamba na klipu. Tepe za aina hii kwa kawaida huuzwa dola 20 hadi 35 kwa jozi, bei ambayo kwa kweli ni kubwa kwa kitambaa, lakini ski na bindingi zake ni mamia ya dola.

Ncha moja hufungwa kwenye ski, na nyingine haifungwi popote. Hili lieleweke vizuri, kwa sababu wengi huchanganya utepe na mkanda wa usalama unaounganisha ski na buti. Mkanda unazuia ski isipotee, sawa, lakini ukianguka vibaya ski hukuzunguka na kukupiga kwa kingo zake za chuma. Ukikumbwa na maporomoko ya theluji ndiyo balaa zaidi: ski zilizofungwa miguuni hugeuka nanga na kukuvuta chini. Mkanda una kazi yake kwenye bindingi za pini (zile zinazoshika buti kwa vijipini vinavyoingia kwenye vitundu vyake) zisizo na breki, na hata huko heri ule wenye kiungo dhaifu kinachokatika chini ya mvuto mkubwa. Penye breki na theluji nyingi, mimi naona utepe ndio wenye akili.

Kuufunga: pitisha kitanzi cha uzi kwenye sehemu ya nyuma ya bindingi, upande wa nje wa mguu, kisha penyeza utepe mzima ndani ya kitanzi na uvute hadi ukaze. Upande wa nje ni bora kwa kuwa ndani kingo za ski ya pili zitaukata. Kabla ya kwenda popote, vaa na uvue ski mara kadhaa ukiwa umesimama. Angalia breki inapanda na kushuka bila kugusa uzi. Uzi ukiingia chini ya kile kibao cha breki kinachokanyagwa na buti, bindingi inaweza isijifunge sawasawa, na utakuwa umejitengenezea kilekile ulichokuwa unakikimbia.

Kazi kubwa iko kwenye kuukunja. Wengi huuzungusha kwenye vidole kama kamba ya kuanikia nguo, wakausukuma ndani ya suruali. Ski ikichomoka, ule mviringo unajikaza na kuwa fundo, na ski inazama na fundo lake. Ukunje mbele na nyuma, mbele na nyuma, kila kunjo la sentimita 15 hivi, ukianzia ncha iliyo huru na kumalizia upande wa bindingi. Inua mguu wa suruali ya theluji, pachika furushi hilo bapa juu ya buti, nyuma ya kile kitambaa cha ndani chenye lastiki, kisha shusha suruali. Acha sentimita 20 za ulegevu kati ya suruali na bindingi ili uweze kupiga hatua. Usiuzungushe mguuni hata mara moja, na usiuingize ndani ya buti: ukibanwa na ganda la buti hautoki.

Sasa urefu. Ski iliyozama nusu mita huonekana bila taabu, mita moja na nusu ya utepe inabaki juu au karibu na juu. Ila ski haizami wima, inakwenda kwa mshazari, na utepe unaifuata kwenye tundu lake. Penye theluji mpya ya kufika kiunoni, mita 2 zinaweza kumezwa zote. Kwa siku za namna hiyo nataka mita 3. Ukitengeneza mwenyewe, nunua mita 6 za utepe bapa wa nailoni au poliesta, wala si kamba ya mviringo, maana bapa hukaa juu ya theluji vizuri zaidi. Pamba iache, inanyonya maji na kuganda ikawa ngumu kama fimbo. Ncha zichome kwa kiberiti zisifumuke, na usipige fundo mwishoni, kwa kuwa fundo ndilo linalonasa. Rangi iwe chungwa au waridi kali. Buluu hupotea kwenye vivuli.

Klipu ya plastiki ndiyo lawama yangu ya pili. Kwenye baridi kali inakuwa kavu na kuvunjika. Mimi naitoa na kufunga uzi moja kwa moja.

Mwanzoni mwa msimu, wakati mianzi mifupi ya huko, iitwayo "sasa" kwa Kijapani, bado imechomoza kwenye theluji, utepe hunasa kwenye vijiti. Kwenye lifti ya viti hakikisha hakuna kipande kinachoning'inia. Na ukivua ski kwenda kula, zikunje tepe uzifungie kwenye ski kwa lastiki, watu watazikanyaga.

Utepe hauondoi haja ya kujua kutafuta, kwa sababu mara nyingine nao unazikwa. Jambo la kwanza ni kutokukanyagakanyaga pale uliposimama. Mwili huendelea kuteremka baada ya ski kuchomoka, kwa hiyo mara nyingi ski iko juu yako mlimani, karibu na pale theluji ilipoanza kuvurugika. Chomeka fimbo moja uliposimamia. Ile ski iliyobaki usiivue kwanza, panda nayo kwa hatua za ubavu hadi juu kidogo ya mahali pa kuchomokea, la sivyo utazama hadi nyonga na kuchoka bure. Ukifika, ivue, ishike kwa mikono miwili na utumie mkia wake kukata theluji kwa mistari inayokatiza mteremko, kutoka kushoto kwenda kulia. Ski nyingi hulala zikielekea chini, na urefu wake ni kama mita 1.7 hadi 1.9, hivyo mistari ikiachana nusu mita ni vigumu kuikosa. Usipopata, kata upya kwa mistari ya kuteremka, safari hii ikiachana kwa sentimita 30. Ski ikiguswa hutoa mlio mkavu na mkono unauhisi mshtuko. Mianzi hunesa tu.

Saa iangalie. Mwanzoni mwa Januari jua huzama huko mara tu baada ya saa kumi jioni. Usitafute peke yako nje ya njia rasmi, na kaa mbali na mashimo yanayozunguka miti, mtu akitumbukia kichwa mbele mara nyingi hatoki bila msaada.

Kuhusu vifaa vya bluetooth vya kubandika kwenye ski, sivipi nafasi ya kwanza. Maji hufyonza mawimbi yake, theluji mbichi hupunguza sana umbali yanaofika, na betri hudhoofika kwenye baridi. Wako pia wanaofikiria kufunga kwenye ski kile kifaa cha kilohezi 457 cha kutafutia watu waliofukiwa. Hapana kabisa! Siku ya maafa waokoaji watachimba ski badala ya mtu.

Ski nyingi huchomoka kizembe kwa sababu ya theluji iliyoganda chini ya buti. Kwangua soli kwa ncha ya fimbo kila unapovaa, na kwenye bindingi za pini toa barafu kwenye vitundu vya buti na chini ya springi za mbele. Ukali wa bindingi, ile namba ya DIN, upimwe na fundi kwa uzito, kimo, umri, urefu wa soli na namna unavyoteleza. Kuikaza kupita kiasi ili ski isipotee ni kuweka goti rehani.

Anayenunua mtandaoni asome kwanza urefu. Baadhi ya wauzaji huandika jumla ya tepe zote mbili, na pakiti ya "mita 3" ikaja na vipande viwili vya mita moja na nusu.