Ziara ya Uturuki kwa msafiri wa Goma: wapi pa kukaa na wapi pa kupita

Kifurushi cha ziara ya Uturuki ambacho mawakala wa usafiri wa Goma na Kigali huwauzia wateja wao kina umbo linalojirudia: Istanbul mwanzoni na mwishoni, Kapadokia katikati, kisha Pamukkale na Efeso zikipitiwa kwa basi. Nilikinunua kwa wakala mmoja wa mjini kwetu pamoja na kikundi kidogo cha waumini wa parokia na wafanyabiashara wachache. Maoni yangu ni kwamba nchi yenyewe inastahili kila dola iliyotumika, lakini mpangilio wa kifurushi unagawa muda vibaya. Saa nyingi huenda barabarani na madukani, na chache mno hubaki kwa sehemu mbili ambazo mtu wa Goma yuko tayari kuzielewa kuliko watalii wengi: Kapadokia, kwa sababu ya volkano, na Efeso, kwa sababu ya Biblia.

Kuhusu njia sina mengi ya kusema. Tulivuka Grande Barrière, kituo cha mpaka kati ya Goma na Rwanda, tukapanda basi hadi Kigali, na kutoka hapo ndege ikatufikisha Istanbul baada ya safari ya usiku. Mwenye pasipoti ya Congo anahitaji viza, na ni vema aanze kuishughulikia mapema kabla ya kulipa chochote kisichorudishwa.

Istanbul haihitaji kiongozi kwa kila hatua. Hagia Sophia ilijengwa kuwa kanisa kati ya mwaka 532 na 537 kwa amri ya mfalme Justinian, ikageuzwa msikiti mwaka 1453, ikafanywa jumba la makumbusho katika miaka ya 1930, na tangu mwaka 2020 ni msikiti tena. Watalii wa kigeni hupelekwa kwenye roshani ya juu kwa tiketi ya yuro 25, na sakafu ya chini imeachiwa wanaosali. Wengi katika kikundi walinung'unika kwa bei hiyo, lakini mimi sikuiona kuwa ya dhuluma, kwa kuwa ni huko juu ndiko mtu anakosimama karibu kabisa na mozaiki ya Kristo kati ya Bikira Maria na Yohana Mbatizaji, na ni kutoka huko anakoweza kupima kwa macho kuba yenye upana wa mita 31 hivi ambayo imesimama, pamoja na kubomoka na kujengwa upya mara kadhaa, katika nchi ya matetemeko. Ng'ambo ya bustani uko msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita na vigae vya buluu kutoka Iznik. Ni mzuri, ila umati wake unachosha. Anayetaka kukaa kimya ndani ya msikiti mkubwa aende Süleymaniye, kazi ya Mimar Sinan, msanifu mkuu wa majengo wa masultani, iliyokamilika mwaka 1557, ambako hakuna kiingilio na ambako uwanja wake unatazama maji ya Pembe ya Dhahabu. Akina mama wa kikundi chetu hawakuhitaji kuazima mtandio mlangoni, kwa kuwa kitenge cha pili kilipanda kutoka kiunoni hadi kichwani bila shida yoyote.

Hifadhi ya maji ya chini ya ardhi, yenye nguzo 336 za karne ya 6, inafaa kutembelewa wakati wa jua kali. Jumba la Topkapı ni kubwa, linahitaji nusu siku, na hufungwa Jumanne, jambo ambalo mpangaji wetu hakulijua hadi tulipofika langoni. Kwa upande wa mandhari, matembezi ya mashua binafsi kwenye Bosphorus, mlango wa bahari unaoigawa Istanbul, yaliyouzwa kama nyongeza hayakuwa na sababu: feri za kawaida za abiria kati ya Eminönü, Üsküdar na Kadıköy huvuka maji yaleyale kwa nauli ndogo, na aliyezoea boti za Goma na Bukavu hatahitaji kufundishwa namna ya kutafuta kiti cha dirishani. Upande wa pili tulikula hamsi, samaki wadogo wa Bahari Nyeusi wanaokaangwa wazima na kuliwa na mifupa yao, na mezani palikuwa na makubaliano kwamba ni sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliozaliwa katika maji ya chumvi.

Kapadokia ndiyo sababu ya kwenda. Uwanda huu, ambao karibu wote uko juu ya mita 1,000, ulifunikwa mamilioni ya miaka iliyopita na majivu ya volkano kadhaa, zikiwemo Erciyes, wenye urefu wa mita 3,917, na Hasan. Majivu yale yaligandamana yakawa jiwe laini, na juu yake pakatandazwa tabaka za mawe magumu zaidi. Mvua na upepo vilipokula sehemu laini, kila palipokuwa na kofia ya jiwe gumu pakabaki mnara umesimama. Sisi wa Goma tunaijua volkano kwa sura nyingine. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi, hutiririka kwa kasi kama ilivyofanya mwaka 2002 na 2021, na ikipoa huacha jiwe jeusi gumu ambalo tunalipasua kwa nyundo ili kujengea kuta na misingi. Huko Göreme, mji mdogo wa Kapadokia, kazi ilikwenda kinyume: watu hawakupanga mawe, bali waliingia ndani yake kwa patasi, wakachonga vyumba, maghala, mazizi, na makanisa yenye nguzo na kuba ambazo hazibebi kitu chochote, kwa kuwa jengo lote ni mwamba mmoja; nguzo zilichongwa kwa sababu kanisa, kwa desturi yao, lilipaswa kuwa na nguzo.

Jumba la makumbusho la wazi la Göreme, lililo ndani ya eneo lililoandikishwa na UNESCO mwaka 1985, lilipewa saa moja na nusu katika ratiba yetu. Hiyo haitoshi hata kidogo. Kanisa la Giza, Karanlık Kilise, lina tiketi yake ya ziada ambayo kiongozi hakuitaja hadi tulipouliza, na ndilo lenye picha za ukutani zilizohifadhika kuliko zote, kwa sababu dirisha lake dogo liliingiza mwanga kidogo tu kwa karne nyingi. Katika makanisa mengine nyuso nyingi zimekwanguliwa macho. Kiongozi alituharakisha mbele ya nyuso hizo kana kwamba ni uchafu wa kupita, ilhali hapo ndipo kikundi kilipokuwa na maswali mengi kuliko mahali pengine popote.

Mji wa chini ya ardhi wa Derinkuyu unashuka hadi mita 85 hivi, ukiwa na visima, mashimo ya hewa, na milango ya mawe ya mviringo iliyosukumwa kutoka ndani ili kuziba njia wakati wa uvamizi. Inasemekana uliweza kuwahifadhi watu wapatao 20,000 pamoja na mifugo yao. Njia zake ni nyembamba na chini kiasi cha kumlazimisha mtu mzima kutembea ameinama, kwa hiyo wenye pumu, wenye shinikizo la damu na wazee wenye magoti mabovu wabaki juu bila aibu. Wengine wasiukose mji huu, hasa wale ambao katika maisha yao wamewahi kukimbia nyumba zao na kujua maana ya kutafuta pa kujificha na familia nzima.

Maputo ya hewa moto ya alfajiri hayamo ndani ya bei, na gharama yake hupanda na kushuka kulingana na msimu. Jambo la muhimu ambalo wakala hakutueleza ni kwamba ruhusa ya kuruka hutolewa asubuhi hiyo hiyo kwa kutazama upepo, na kwamba siku nyingi haitolewi kabisa. Mtu aweke nafasi kwa asubuhi ya kwanza, ili ikifutwa abaki na nyingine. Atakayebaki chini naye hapotezi, kwani maputo huonekana vizuri zaidi kutoka kwenye vilima vya Göreme kuliko kutoka ndani ya kikapu chenye watu wengi.

Kutoka Kapadokia hadi Pamukkale ni siku nzima ya basi. Barabara inapita Sultanhanı, ambako pamesimama nyumba ya misafara iliyojengwa mwaka 1229 chini ya utawala wa sultani Alaeddin Keykubad wa Kwanza. Lango lake la mawe yaliyochongwa lingetosha kumsimamisha mtu kwa saa nzima. Wafanyabiashara wetu walisimama wakihesabu ngamia wangapi wangeingia uani, na wakaafikiana kwamba aliyejenga pale alijua biashara. Tulipewa dakika za kwenda chooni na za kunywa chai.

Pamukkale yenyewe picha zake huitangulia mno. Maji ya uvuguvugu wa nyuzi 35 hivi hutoka mlimani yakiwa na chokaa na kuacha ngazi nyeupe ambazo mtu huzikanyaga pekupeku, lakini vidimbwi vingi vinavyoonekana katika matangazo havina maji kila siku. Thamani kubwa iko juu ya ngazi hizo, katika magofu ya Hierapoli na makaburi yake mengi, na kilomita chache kutoka hapo katika Laodikia, kanisa ambalo Ufunuo unalikemea kwa kuwa vuguvugu, si moto wala baridi. Anayesimama hapo huku akiona weupe wa chemchemi za Hierapoli ng'ambo ya bonde anausoma mstari huo kwa namna nyingine. Laodikia haikuwa katika ratiba. Tuliifikia kwa kukodi gari dogo kwa fedha zetu.

Efeso iliwekewa asubuhi moja, nayo ilistahili siku nzima. Njia ya marumaru inashuka kutoka lango la juu hadi maktaba ya Celsus, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 2 na ambayo uso wake uliinuliwa tena na wataalamu katika miaka ya 1970. Zaidi chini uko ukumbi wa maonyesho uliochukua watu wapatao 25,000, na ni huko ndiko Matendo ya Mitume sura ya 19 inakosema umati uliochochewa na Demetrio mfua fedha ulipiga kelele kwa muda wa saa mbili: Artemi wa Waefeso ni mkuu. Katekista wetu alipanda hadi safu za juu na kusoma sura hiyo kwa sauti ya kawaida, nasi tukamsikia vizuri kutoka chini, kwa hiyo hatukuhitaji kuelezwa zaidi jinsi saa mbili za watu maelfu zilivyokuwa. Bandari iliyoutajirisha mji huo ilijazwa na tope la mto, na leo bahari iko kilomita kadhaa mbali. Hekalu la Artemi, moja ya maajabu saba ya kale, limebakiwa na nguzo moja iliyopangwa upya katika kinamasi. Kulitazama kunachukua dakika kumi. Wakatoliki watataka pia kupanda hadi Meryem Ana, nyumba inayoheshimiwa kama makazi ya mwisho ya Bikira Maria, ambayo Papa Paulo wa Sita aliitembelea mwaka 1967 na Yohane Paulo wa Pili mwaka 1979. Magofu ya Efeso karibu hayana kivuli, na marumaru yake huteleza. Viatu vya misa vibaki hotelini.

Lawama yangu kubwa ni maduka. Ratiba ilisema "kutembelea ufundi wa jadi", na maana yake ikawa zulia, ngozi, vito na vyombo vya udongo vya Avanos, mji wa wafinyanzi huko Kapadokia, kila kituo kikila saa moja au zaidi, chai ya bure ikifuatwa na muuzaji asiyechoka. Wafumaji na wafinyanzi wenyewe ni mafundi wa kweli, lakini saa zilizotumika hapo zilitolewa katika Göreme na Efeso. Tuliahidiwa pia kiongozi wa Kifaransa na tukapewa wa Kiingereza, hivyo wazee walitafsiriwa na vijana safari nzima.

Mashariki ya nchi, yenye sanamu za mlima Nemrut na magofu ya Göbekli Tepe ya miaka zaidi ya 11,000, haimo katika vifurushi hivi na inahitaji safari yake. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ningeomba wakala aandike upya ratiba: ndege ya ndani kutoka Istanbul hadi Kayseri, mji wa karibu na Kapadokia, badala ya basi, usiku mitatu Kapadokia, Pamukkale pamoja na Laodikia kwa siku moja, usiku miwili Selçuk karibu na Efeso, na neno "maduka" lifutwe kabisa. Miezi ya Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba, ndiyo yenye nafuu, kwani kiangazi huchoma Efeso na majira ya baridi huleta theluji Kapadokia, baridi ambayo koti la jioni za Goma haliiwezi. Viingilio vilivyomo na visivyomo viorodheshwe kwa maandishi na kutiwa sahihi kabla ya malipo ya kwanza.