Ruffle yaifufua Flash, ila si yote

Adobe iliacha kuihudumia Flash Player, programu iliyokuwa ikichezesha katuni, michezo na masomo ndani ya kivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu hiyo ikawa inakataa kufungua chochote. Sababu za kuiondoa kwenye vivinjari zilikuwa nzito, kwani mianya yake ya usalama haikuisha kuzibwa. Hata hivyo masomo, michezo na katuni za miaka mingi zilibaki kwenye seva zikiwa nzima na zisifunguke. Pengo hilo ndilo linalozibwa na Ruffle, programu huria inayoiga Flash.

Kuitumia hakuna taabu: unaisakinisha kama kiendelezi cha kivinjari, au mwenye tovuti anaiweka kwenye kurasa zake na wageni hawasakinishi kitu. Imeandikwa kwa Rust, lugha ya kuandikia programu, na hufanya kazi ndani ya mipaka ya kivinjari chenyewe, kwa hiyo haipati nafasi ya kuigusa kompyuta kama Flash ilivyokuwa ikiipata. Katuni za zamani nilizozifungua zilicheza vizuri, sauti ikienda sambamba na midomo ya wahusika.

Kasoro hujitokeza zaidi kwenye kazi za ActionScript 3, lugha ya kuandikia programu za Flash iliyokuja na Flash Player 9 mwaka 2006. Somo moja la hesabu lilifunguka, vitufe vyote vikaonekana, lakini kila nilipobofya cha kuanzia hapakutokea kitu. Michezo iliyotegemea seva zilizokwisha kuzimwa nayo haichezeki, ingawa hilo haliwezi kuhesabiwa kosa la Ruffle.

Kinachonikera ni kwamba mzigo huu wameachiwa watu wa kujitolea. Watetezi wa uondoaji watasema taarifa ilitolewa tangu Julai 2017, na ni kweli. Lakini Januari 2021 mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini ililazimika kutoa kivinjari chake ili fomu zake za Flash ziendelee kujazwa. Ikiwa taasisi ya serikali ilichelewa, tovuti ambayo mwenyewe ameshafariki ingejirekebishaje? Sasa Google imetangaza kuiondoa XSLT kwenye Chrome, teknolojia ya kugeuza faili za data kuwa kurasa za wavuti, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1999, na swali ni lile lile.

Kwa katuni na michezo midogo ya zamani, naipendekeza Ruffle bila kusita. Mwenye masomo ya ActionScript 3 ayajaribu moja baada ya jingine, na faili za SWF (yaani faili za Flash) zinazogoma asizifute, kwa sababu programu hii bado inaendelezwa.