Watu saba, vyumba vitatu: tulivyobadilishana kabini kwenye meli ya kitalii

Niseme mapema kwamba na meli yenyewe sina ugomvi. Nimekuja kuzungumzia vyumba, maana kabla ya safari nilitafuta sana mtu wa kuniambia kama familia inaweza kukata tiketi kwa mpangilio mmoja kisha ikalala kwa mpangilio mwingine, nikamkosa. Sasa nimeenda, nimerudi, najibu mwenyewe: inawezekana, tena kwa urahisi kuliko nilivyodhani. Ila kuna vitu havihami na wewe unapohama kitanda, na hivyo ndivyo vilivyotuhangaisha.

Tulikuwa saba, safari ya usiku saba. Mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 16, mvulana wa 10, kitindamimba wa 6, mama yangu mzazi, na mdogo wangu wa kike. Nia yetu ya kwanza ilikuwa vyumba viwili, wanne huku na watatu kule. Picha za mtandaoni zilionyesha kabini yenye vitanda vinne, viwili vya chini na viwili vinavyoshushwa kutoka darini. Mfumo ukakataa mtu wa nne. Nikapiga simu nikidhani ni hitilafu, nikaambiwa vitanda vipo, kilichojaa ni nafasi kwenye boti za kuokolea. Kila kabini ina kituo chake cha dharura, kila kituo kina boti zake, na boti ina idadi ya watu inayoruhusiwa kubeba. Idadi hiyo ikifika, hawaongezi mtu kwenye vyumba vya eneo lile, hata kitanda kibaki kitupu. Kwa hiyo ukiwa na familia kubwa, wahi. Vyumba vya watu wanne huisha kabla ya meli kujaa.

Bei nayo ina hesabu yake. Kwa kawaida wawili wa kwanza wa chumba hulipa nauli kamili, wa tatu na wa nne hupunguziwa, na anayelala peke yake hulipa karibu sawa na wawili. Kodi na ada za bandari hazina punguzo la wa tatu, ni kila kichwa. Tulipopiga hesabu, vyumba vitatu havikutuumiza kama nilivyoogopa, kwa sababu kimoja kilikuwa cha ndani, kisicho na dirisha, ambacho ndicho cha bei ya chini kabisa.

Basi mpangilio ukawa huu. Mama na mdogo wangu: chumba cha roshani, sitaha ya 10, kule mbele karibu na omo. Mama alikuwa anatimiza miaka 70, tukaona apate kilicho bora. Sisi wengine sitaha ya 6, katikati ya meli, vyumba viwili vinavyotazamana koridoni, kimoja cha dirisha na hicho cha ndani. Tulitaka watoto watatu walale cha dirisha, mimi na baba yao tuwe cha ndani, mlango kwa mlango. Kampuni ikakataa. Kila chumba lazima kiandikishwe mtu mzima, na mtu mzima kwao ni wa miaka 21. Sharti la namna hiyo ni la kawaida kwa meli zinazoanzia safari Marekani. Baadhi ya kampuni hulilegeza wazazi wakiwa chumba cha jirani, yetu haikulegeza. Wakala wetu ndiye aliyetutegulia kitendawili: "Andikeni mzazi mmoja kila chumba. Mkishapanda mtajipanga wenyewe."

Tukaandika hivyo. Kwenye karatasi, mimi na binti na kitindamimba tukawa wa dirisha, mume wangu na mvulana wakawa wa ndani.

Siku ya kupanda nilikwenda mapokezi nimejiandaa kwa maelezo marefu. Sikuyahitaji. Yule dada aliita majina, akatazama nyuso zetu na picha zilizopo kwenye kompyuta, akatoa kadi za ziada za milango yote miwili. Dakika tano, ukiacha foleni, ambayo ilikula saa nzima. (Usiende mchana wa kupanda. Nenda usiku, watu wakiwa kwenye maonyesho.) Kadi ya ziada inafungua mlango, basi. Haikununulii kitu, wala haikutoi melini bandarini. Kwa hayo unatumia ile kadi yako ya kwanza yenye jina lako, kwa hiyo kila mtu anatembea na kadi mbili zinazofanana kama mapacha, na namba ya chumba haijaandikwa juu yake kwa sababu za usalama. Siku ya pili nilimkuta mvulana wangu amesimama koridoni akijaribu kadi moja kwenye mlango usio wake, na mwenye chumba akafungua akiwa na taulo. Nilichukua rangi ya kucha ya binti yangu nikatia doa jekundu kwenye kadi za chumba cha dirisha na doa la zambarau kwenye za ndani. Kero ikaisha.

Mtu wa pili wa kuzungumza naye ni mhudumu wa chumba, na huyu ni muhimu kuliko mapokezi. Yeye huandaa chumba kufuatana na orodha. Chumba cha ndani kilikuwa kimeandikwa baba na mtoto, kwa hiyo tulikuta vitanda viwili vimetenganishwa, kimoja ukuta huu na kingine ule. Nikamweleza, akacheka, akasema familia za namna yetu anazo kila wiki. Tulipotoka kwenye chakula cha jioni vitanda vimeshaunganishwa na kwa watoto kitanda cha juu kimeshushwa.

Yeye ndiye pia aliyetukumbusha jaketi okozi. Melini mwetu zilikaa kabatini mwa kila chumba (meli nyingine huziweka kwenye vituo), na zilihesabiwa kwa majina. Nilifungua kabati la chumba cha watoto nikakuta mbili za watu wazima na moja ndogo ya rangi ya chungwa. Ya mvulana wangu ilikuwa ng'ambo ya korido, chumba cha baba yake. Si jambo la kudharau: jaketi ya mtoto hutengenezwa kwa uzito wa kilo 15 hadi 43, na ukimvika ya mtu mzima anaweza kuteleza akatoka. Tukabadilishana palepale, moja kubwa kwa moja ndogo, kila mtoto akajaribisha yake. Kitindamimba alikataa kuivua hadi wakati wa kuoga.

Zoezi la dharura lilifanyika kabla hatujang'oa nanga, na hapo ndipo nilipoelewa lile la karatasi. Kituo chako ni kile kilichoandikwa kwenye kadi yako ya kwanza, ulale popote utakapolala. Sisi wa sitaha ya 6 tulikuwa kituo C, mama na mdogo wangu kituo A, upande mwingine kabisa. Mume wangu, ambaye husoma habari za ajali kuliko inavyomfaa msafiri, akanikumbusha meli ya kitalii Costa Concordia iliyopinduka karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 13, 2012, wakafa watu 32. Mamia ya abiria waliopanda siku hiyohiyo hawakuwa wamefanya zoezi, maana sheria ya wakati huo iliruhusu kusubiri hadi saa 24. Tangu 2015 ni lazima lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Nilimwambia asante kwa habari njema, sasa anyamaze watoto wanasikia.

Usiku wa kwanza na wa pili mambo yalikwenda vizuri. Usiku wa tatu bahari ikachafuka.

Kule chini katikati tulihisi meli ikipumua tu. Saa nane za usiku simu ya chumbani ikalia, mdogo wangu: "Dada, njoo umwone mama." Nikapanda. Nilipotoka kwenye lifti ya sitaha ya 10 nikaelekea mbele, kadiri nilivyosogea ndivyo sakafu ilivyozidi kunikimbia miguuni. Ndani ya chumba, nguo kwenye vibanio zilikuwa zikienda kushoto zote pamoja, zinasimama kidogo, kisha zinarudi kulia. Mlango wa roshani unalia kwa ndani kama paka. Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, kashika godoro kwa mikono miwili, macho kafumba. "Mwanangu," akasema, "chumba kizuri, nawashukuru, lakini hakitulii."

Kosa lilikuwa letu. Meli inapokwenda mrama, inabembea kama ubao uliowekwa juu ya gogo: katikati husogea kidogo, ncha ndizo zinazopaa na kushuka, na juu huyumba kuliko chini. Tulikuwa tumempa mtu mzima wa miaka 70 chumba kilicho juu, na mbele. Tulinunua mandhari tukasahau tumbo. Muuguzi wa meli alimpa kidonge cha kichefuchefu, na saa tisa na nusu nilimshusha taratibu hadi sitaha ya 6, nikamwamsha mume wangu akapisha.

Asubuhi tukakaa kupanga upya, na amini nakwambia, kuwapanga watu saba ni kazi kuliko kupanga harusi. Mama hapandi tena juu, hilo lilikwisha. Mume wangu hawezi kulala chumba kimoja na shemeji yake. Binti hataki kulala na bibi kwa sababu ya mkoromo, ingawa alisema ni kwa sababu ya "faragha". Kila tulivyogeuza, jibu likawa lilelile: mama na mdogo wangu wachukue chumba cha ndani, watoto wabaki mbele yao kwenye cha dirisha, mimi na mume wangu twende kwenye roshani. Mdogo wangu alitutazama kwa muda mrefu sana. Hadi leo anaamini tulimwomba nahodha alete mawimbi.

Mapokezi tena, kadi tena, safari hii doa la kijani. Nilimweleza karani kuwa mama amehama kwa sababu za afya, naye akaandika kwenye kumbukumbu ili zahanati na wahudumu wajue yuko wapi usiku. Nawashauri msiache hilo. Akitafutwa saa nane usiku, watakwenda kwenye chumba kilichoandikwa. Vituo havikubadilika, kwa hiyo tukapatana wenyewe: zikilia honi za dharura, saba fupi na moja ndefu, mdogo wangu atawakabidhi watoto kituo C, sisi tutawakuta hapo, kisha yeye na mama waelekee A.

Mama alikipenda chumba cha ndani kuliko sote. Giza lake ni la kaburi, ukizima taa huoni kiganja chako, na hujui kama ni saa kumi alfajiri au saa tano mchana. Dawa yake ni runinga: chaneli moja inaonyesha moja kwa moja kamera ya mbele ya meli. Ukiiacha imewaka bila sauti, usiku ni nyeusi, kukipambazuka chumba kinaanza kuangaza. "Naiona bahari," alisema, "na yenyewe hainioni."

Malalamiko yangu sasa. La kwanza ni kifurushi cha vinywaji. Mdogo wangu alitaka cha pombe, akaambiwa watu wazima wote wa chumba kimoja lazima wanunue. Mama hajagusa pombe maisha yake yote. Sharti hilo lipo kwenye kampuni nyingi na linafuata chumba kilichoandikishwa, si unapolala, kwa hiyo hata baada ya kuhama halikutusaidia. Ningelijua mapema ningemwandikisha mama na mimi, na mdogo wangu na binti. Tungelala vilevile tu.

La pili ni bili. Maji aliyokunywa mama kutoka friji ya chumba cha ndani yaliingia kwa mume wangu, sawa, ni familia. Lakini mvulana alikuwa kwenye akaunti ya baba yake, na hatukuwa tumemwekea kikomo, naye akagundua kwamba mashine za michezo zinakubali kadi. Kuweka kikomo ni maombi ya sekunde kumi pale mapokezi. Sisi tulifanya siku ya tano.

La tatu dogo: mizigo ya mwisho. Usiku wa kuamkia kushuka unatoa masanduku koridoni yakiwa na lebo za namba, na namba hutolewa kwa chumba. Wa sitaha ya 10 walipewa saa ya mapema, wa sitaha ya 6 saa moja na nusu baadaye. Tuliomba namba moja kwa wote saba tukapewa bila maneno, ila lazima uombe, na uombe kabla ya usiku wenyewe.

Kwa jumla naipa nyota nne. Moja nimeitoa kwa ajili ya foleni ya mapokezi na lile sharti la vinywaji. Mhudumu wa sitaha ya 6, aliyetenganisha na kuunganisha vitanda mara tatu kwa wiki moja bila kununa, anastahili tano zake peke yake, na bakshishi tuliyomwachia mkononi ilikuwa nje ya ile inayokatwa kila siku kwa kila kichwa.

Mama ameshauliza safari nyingine ni lini. Anataka cha ndani, chini, katikati, na runinga. Mdogo wangu anataka roshani, na safari hii anataka iandikwe kwenye karatasi kwamba hatoki hata kukiwa na dhoruba.